Hewa Iliyo Dawa

Msafiri atokaye Mombasa hata Elburgon hupanda zaidi ya mita 2,300. Huko hewa ni nyepesi, na pumzi moja ina oksijeni kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Mwenyeji mwenye afya hasikii dhiki, maana mwili wake umezoea. Lakini mtoto aliyeshikwa na nimonia hana akiba. Huyo huhitaji oksijeni ya hospitali.

Dawa hiyo ilianzaje? Katika mwaka 1774 Joseph Priestley, kasisi wa Uingereza, alipata hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu sana. Hiyo ndiyo oksijeni. Mwaka 1799 Daktari Thomas Beddoes alifungua katika mji wa Bristol nyumba ya kutibu wagonjwa kwa hewa za namna mbalimbali. Vyombo vyake vilibuniwa na James Watt, fundi yule aliyeboresha mashine ya mvuke, ambayo baadaye ilizaa magari ya moshi kama yale yaliyopita Elburgon zamani. Watt alikuwa na uchungu wake: binti yake Jessie alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1794.

Hewa hizo hazikuponya kifua kikuu. Hata hivyo kazi haikupotea bure. Humphry Davy, msaidizi wa Beddoes, aliivuta hewa ya kuchekesha, akaandika mwaka 1800 kwamba huenda ikafaa kuondoa maumivu ya kupasuliwa. Maneno yake hayakufuatwa mpaka mwaka 1844, Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, alipong'olewa jino lake mwenyewe bila kuumia. Na katika Vita Vikuu vya 1914 hata 1918, J. S. Haldane alitengeneza chombo cha kuwapa oksijeni askari waliodhuriwa na hewa ya sumu.

Wako wasemao kwamba awekewaye mpira wa oksijeni puani hatapona. Sivyo. Wengi hufa kwa sababu wamecheleweshwa. Basi mtoto akipumua mbio, mbavu zikibonyea ndani, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, mpelekeni hospitali mara moja. Na mkumbuke mshumaa wa Priestley: penye oksijeni, msiwashe kiberiti wala sigara, maana hewa iokoayo mgonjwa huuchochea moto vilevile.