Geji ya Presha ya Dizeli
MTANGAZAJI: Pikapu iliyobeba mgonjwa ikilegea kati ya Tororo na Busia, wengi hulaumu nozeli. Mara nyingi ni filta iliyoziba kwa dizeli chafu ya mitungi. Geji ya presha hukuonya mapema.

Zima injini, ipoe. Kwa gari lenye pampu ya umeme kwenye tangi, fundi aunge geji kati ya filta na pampu kubwa, akaze vibano, kisha atoe hewa. Mpira wa dizeli usiingie kwenye kabini. Filta ikiwa mpya, andika kipimo. Baadaye mshale ukishuka unapokanyaga mafuta, anza kubadilisha filta.

Usifungue mabomba ya nozeli injini ikinguruma: presha yake hutoboa ngozi. Mwambie na dereva mwenzako.