Nani anamfundisha anayefundisha mgodini?

Katika mgodi wa chini, baada ya mlipuko na kabla kazi haijaendelea, mtu hushika mtaimbo akagonga paa la njia. Mwamba mzima hulia kama chuma. Uliolegea hutoa sauti nzito, yenye uwazi ndani, na huangushwa makusudi kabla haujamwangukia mtu. Fundi mkongwe hutofautisha sauti hizo bila kufikiri. Mwombe amweleze kijana wa jana anasikiliza nini, na aghalabu atajibu: “Utazoea tu.”

Sekta ya madini ya Tanzania, iliyofikisha asilimia 10.1 ya Pato la Taifa mwaka 2024, bado inaegemea mno hilo “utazoea tu”. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2018 zinamtaka mwenye leseni awe na mpango wa kuajiri na kufundisha wazawa, pamoja na wa kurithisha nafasi zinazoshikwa na wageni. Kwenye makaratasi mambo ni safi. Ila mhandisi aliyeletwa kuongeza uzalishaji anapimwa kwa tani, si kwa idadi ya watu aliowaachia ujuzi, na saa moja ya kumwelekeza mwanagenzi ni saa ambayo mtambo umesimama.

Juhudi zipo. Kampuni za migodi zilishirikiana na chuo cha ufundi stadi cha VETA Moshi kuandaa mafundi umeme na mekanika wa mitambo mikubwa, mwanagenzi akipishanisha darasa na mgodi. Mwaka 2024 kampuni ya dhahabu ya Barrick ilifungua chuo chake Buzwagi, Kahama, kwenye mgodi uliosimamisha uzalishaji 2021, na kulenga hasa wasimamizi. Uamuzi huo naona ni wa busara: kijana hujifunza kazi kwa msimamizi wake wa zamu, awe amefundishwa kufundisha au la.

Pengo liko katikati. Mwalimu aliyefuzu Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro anajua kuigawa kazi hatua kwa hatua na kupima umahiri, lakini mtambo wa kuchorongea anaofundishia huenda ni wa kizazi kilichopita, kama upo. Opereta wa mgodi wa Geita anaujua mtambo mpya ndani nje, lakini hajawahi kuonyeshwa namna ya kufundisha. Kuwabadilishanisha nafasi kwa miezi michache si jambo gumu. Kinachokwamisha ni mshahara: opereta hatakubali kushuka kipato ili aitwe mwalimu, na mwalimu akishaonja mgodi harudi chuoni.

Kwa wachimbaji wadogo hali ni nyingine. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi, ambako mchimbaji huona uchenjuaji bora kwa macho yake. Huko kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, anayepanga matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke ndiye mwalimu, na cheti chake ni kwamba yu hai.

Waajiri wanalalamika kwamba tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara, na si yote inayofika vyuo vya ufundi. Wana hoja. Hata hivyo mgodi wa Nyanzaga, Sengerema, unaojengwa na kampuni ya Perseus ya Australia, unatarajiwa kutoa dhahabu ya kwanza 2027, na utahitaji maopereta na wasimamizi wenye uzoefu. Usipofundisha wake mapema, utawafuata kwenye migodi ya Geita na Bulyanhulu kwa kupandisha dau, na wa kwanza kuondoka watakuwa wale wanaofundisha wenzao.