Jumba Namba 409: Majirani Waliogombana Wakabadili Sheria
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuatana na watu weusi waliopanda treni kutoka majimbo ya kusini mwa Marekani wakahamia Harlem, kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan. Tuliona jinsi reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1904, ilivyowatia wajenzi tamaa wakajenga nyumba nyingi kuliko wapangaji. Tuliona pia jinsi Philip Payton, dalali mweusi, alivyowaendea wenye nyumba waliokuwa na vyumba vitupu na kuwaletea watu weusi waliokuwa tayari kulipa. Leo tunapanda mlima, maana Harlem nayo ina bonde lake na kilele chake.

Kilele hicho wenyeji walikiita Sugar Hill, yaani Kilima cha Sukari, kwa sababu waliofika huko walihesabiwa kuwa wameonja utamu wa maisha. Barabara ya Edgecombe hupita pale pale ukingoni mwa genge. Karibu na mtaa wa 155 limesimama jumba la ghorofa 13, namba 409. Upande wa mashariki, bondeni, palikuwa na uwanja wa besiboli wa Polo Grounds, na ng'ambo ya mto Harlem ukaja kujengwa uwanja mwingine, Yankee Stadium, mwaka 1923. Mtu wa ghorofa za juu aliweza kusimama dirishani akauona mji mzima wa watu wake umetandazwa chini.

Jumba hili lilijengwa mwaka 1916 na 1917 kwa michoro ya kampuni ya Schwartz & Gross, wasanifu waliochora majumba mengi ya fleti ya New York ya wakati ule. Ni nyumba ya aina ambayo watu wa jiji hilo huiita ya "kabla ya vita", wakimaanisha Vita vya Pili vya Dunia. Jina hilo hutajwa kwa fahari hadi leo, na lina sababu zake. Mwaka 1901 jimbo la New York lilipitisha sheria kali ya nyumba za kupanga: kila chumba lazima kiwe na dirisha la kupitisha hewa na mwanga, kila fleti iwe na choo chake, na vile vijishimo vyembamba vya hewa vya zamani viachie nafasi nyua za maana. Wajenzi waliowalenga wenye kipato kizuri waliongeza juu yake: kuta nene, dari za juu, ukumbi wa kuingilia wenye heshima, na lifti. Bila lifti, ghorofa ya 13 ingekuwa adhabu. Ilipokuja lifti, ikawa ndiyo ghorofa ya kutamaniwa.

Lakini mtu mweusi hakuruhusiwa kupanga hapo. Wapangaji wa kwanza walikuwa wazungu watupu. Siku zile wenye nyumba katika miji mingi ya Marekani walitiliana saini hati za kutomuuzia wala kumpangisha mtu mweusi, na mahakama zikizilinda hati hizo kama mkataba mwingine wowote. Kwa kuwa mitaa iliyowafungulia mlango ilikuwa michache, watu weusi wa Harlem walibanana, na kwa vyumba vya namna moja walitozwa kodi kubwa kuliko wazungu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo 409 ilipoanza kupokea wapangaji weusi. Walioingia walikuwa mawakili, madaktari, walimu, wanamuziki na waandishi. Wangeweza kulipia nyumba nzuri popote mjini, ila popote hapakuwataka.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Ubaguzi uliwakusanya chini ya paa moja watu ambao, katika nchi ya haki, wangetawanyika mitaa ishirini. Mwaka 1946 jarida la Ebony liliandika kwamba bomu moja likiangushwa juu ya 409, watu weusi wa Marekani wangekosa viongozi kwa muda wa miaka 20. Lilikiri kwamba usemi huo ulikuwa umetiwa chumvi, ila kidogo tu. Tuwatazame basi waliokuwamo.

Ghorofa ya 13 aliishi Walter White, katibu mkuu wa NAACP, chama kikuu cha kutetea haki za watu weusi. White alikuwa na ngozi nyeupe, nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu, lakini alizaliwa mweusi na mweusi ndivyo alivyojihesabu. Sura hiyo aliifanya silaha. Alikwenda kusini, akajifanya mzungu mwandishi wa habari, akakaa na wauaji waliowanyonga watu weusi bila hukumu, wakamsimulia kwa majivuno walivyofanya. Mwaka 1919, alipokuwa akichunguza mauaji ya Elaine, Arkansas, habari zake zilivuja, akawahi treni ya kuondoka mjini kabla hawajamkamata. Mtu huyo ndiye aliyefungua nyumba yake kwa wasanii, wanasiasa na wageni wa kila rangi, hata fleti yake ikapewa jina la Ikulu ya Harlem.

Katika jumba hilo hilo aliishi Aaron Douglas, mchoraji. Anayetaka kujua watu wa 409 walivyojiona aende maktaba ya mtaa wa 135, ambayo sasa ni Kituo cha Schomburg, akazitazame picha nne kubwa alizozichora mwaka 1934. Ya kwanza ni ya Afrika. Wachezaji wawili wako katikati, wapiga ngoma wameinama, na duru za mwanga zinatanuka kutoka katikati ya picha kama maji yaliyotupiwa jiwe. Watu wake hawana sura, ni vivuli. Mtazamaji yeyote mweusi anaweza kujiweka ndani yake. Douglas hakuwahi kuishi katika Afrika aliyoichora, lakini katika picha hiyo ndipo alipoianzia hadithi ya watu wake, kabla ya pamba na minyororo.

Tusidhani kwamba wapangaji wote walikuwa wa vitabu na brashi. Stephanie St. Clair, mzaliwa wa kisiwa cha Guadeloupe, alitajirika kwa bahati nasibu ya namba, kamari iliyokatazwa na sheria na kuchezwa na maskini kwa senti chache kila siku. Mhalifu mzungu Dutch Schultz alipotaka kuinyakua biashara hiyo ya Harlem kwa bunduki, St. Clair alikataa kumpisha. Alilipia pia matangazo katika magazeti kuwashutumu polisi wala rushwa. Na katika orodha ya waliopata kuishi humo yumo pia Eunice Carter, mwanasheria mweusi ambaye kazi yake katika ofisi ya mwendesha mashtaka ilisaidia kumtia hatiani Lucky Luciano, bosi wa wahalifu wa New York, mwaka 1936. Jumba moja, upande huu wa sheria na upande ule.

Mwaka 1944 aliingia mzee wa miaka 76, W. E. B. Du Bois, mwanazuoni aliyeshiriki kuiasisi NAACP mwaka 1909. Alikuwa amejiuzulu kwa hasira mwaka 1934, akaacha uhariri wa jarida lake la The Crisis, na aliyeshika kiti chake alikuwa kijana Roy Wilkins. Sasa alirudishwa kuongoza utafiti. Kwa hiyo Du Bois, White na Wilkins, watu watatu wenye historia ngumu baina yao, wote walikuwa wa chama kimoja na wa jumba hilo hilo. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Viligongana. Du Bois aliona chama kimekuwa karibu mno na serikali, White akaona mzee hashikiki. Mwaka 1948 bodi ilimwachisha kazi Du Bois.

Lakini tazama kazi iliyofanyika katika miaka hiyo michache ya kukaa pamoja kwa shida. Oktoba 1945 Du Bois alisafiri hadi Manchester, Uingereza, kwenye Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, akaketi na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta kabla dunia haijawajua. Mwaka 1947 NAACP ilipeleka Umoja wa Mataifa waraka mrefu wa malalamiko ya watu weusi wa Marekani, na mhariri wake alikuwa Du Bois. Na tarehe 28 Agosti 1963, katika maandamano makubwa ya Washington, habari zilifika kwamba mzee amefariki Accra siku iliyotangulia. Aliyesimama mbele ya umati kuutangaza msiba huo alikuwa Roy Wilkins. Aliukumbusha umati kwamba mzee ndiye aliyeanza kuwaita mwanzoni mwa karne. Ujirani una deni lake, na siku ya msiba hulipwa.

Mpangaji aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika sheria ni Thurgood Marshall, wakili wa NAACP. Mwaka 1948 alikuwa miongoni mwa mawakili waliopeleka Mahakama Kuu ya Marekani suala la zile hati za kuwafungia watu weusi mitaa, nayo ikaamua kwamba hakuna mahakama inayoruhusiwa kuzitekeleza. Tarehe 17 Mei 1954 alishinda kesi iliyofuta utengano wa rangi katika shule za umma, kwa kauli moja ya majaji tisa. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo hiyo.

Marshall anamhusu msomaji wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, Marshall alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London. Aliwaandikia rasimu ya sura ya haki za binadamu. Ndani yake alisisitiza kwamba hata walowezi wazungu na Wahindi wa Kenya, ambao wangekuwa wachache baada ya uhuru, walindwe na sheria, na mali ya mtu isichukuliwe bila fidia ya haki. Alijua vizuri uchache ni nini. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kabla ya mkutano huo alifika Kenya, akazuiwa na wakoloni kuhutubia mkutano wa Kiambu. Akaomba aseme neno moja tu la salamu. Akaruhusiwa, akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka.

Wakati huo Marshall alikuwa amekwisha kuhama 409, na si yeye peke yake. Kadiri kesi zao zilivyoshinda, ndivyo milango ya mitaa mingine ilivyofunguka, nao wakatoka. Haki waliyoipigania ndiyo iliyowatawanya. Harlem ikabaki na wasio na uwezo wa kuhama, na katika miaka ya 1970 wenye nyumba wengi wa kitongoji hicho waliyatelekeza majengo yao hadi serikali ya jiji ikayachukua kwa deni la kodi. Sioni hapa sababu ya kuwalaumu waliohama, maana mtu hapigi vita vya kufungua mlango ili asiutumie. Lakini naona gharama, na iliwaangukia waliobaki. Ndio waliowasha jiko, wakafagia ngazi na kulea watoto katika vyumba vile vya dari za juu, na hakuna jarida lililowaandika. Mwaka 1993 Jiji la New York liliitangaza 409 kuwa jengo la kihistoria linalolindwa na sheria. Kuta zile zilifika siku hiyo kwa sababu kulikuwa na watu walioendelea kuishi ndani yake.

Wiki ijayo tutatembea hatua chache kaskazini katika barabara hiyo hiyo, hadi namba 555, alikoishi Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji ambaye, miaka michache kabla ya kuhamia humo, alikaa darasani London akijifunza Kiswahili.