Chokaa Katika Mishipa ya Moyo

Tarehe 16 Septemba 1977, katika mji wa Zurich nchini Uswisi, tabibu Andreas Grüntzig alipitisha puto dogo hata likafika ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho, akalijaza, na pale palipokuwa pamesongwa pakafunguka pasipo kifua kupasuliwa. Miaka tisa baadaye ikaanza kutumika stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa ili usisinyae tena, na watu wasiohesabika wamepata nafuu kwa hikima hiyo.

Lakini uko mshipa usioridhia puto, nao ni ule ambao kuta zake, kwa umri mkubwa, kisukari au maradhi ya figo, zimejengeka chokaa mwaka baada ya mwaka hata zikawa ngumu mfano wa kuta za mawe na chokaa za majumba ya kale ya mwambao. Puto likijazwa humo hufura huku na huku, ilhali katikati limebanwa kama kiuno cha nyigu. Na stenti ikiwekwa katika hali hiyo nayo hubanwa vivyo hivyo, damu ikaweza kuganda juu yake au mshipa ukaziba upya. Kuitanua stenti iliyokwisha kukwama ndani ya chokaa ni kazi nzito kuliko ile ya kwanza, kwa hiyo sharti chokaa ijulikane mapema.

Eksirei haitoshi kuijulisha. Dawa ya rangi inapopita mshipani, eksirei huonyesha kivuli cha mkondo wake, na mwenye kutazama kivuli cha mtungi hawezi kutambua unene wa udongo wake. Ndiyo sababu matabibu hupitisha uzi mwembamba wenye ala ya kupigia picha mpaka ng'ambo ya pale palipoziba, kisha wakauvuta nyuma huku ukuta ukionekana duara baada ya duara.

Ala hizo ni za namna mbili. Ya kwanza hutumia mawimbi ya sauti, na chokaa huonekana kwayo kama hilali nyeupe yenye giza nyuma yake, kwa kuwa sauti imegonga ikarudi. Huonekana imezunguka kiasi gani, lakini unene wake aghalabu hausomeki. Ya pili, iliyobuniwa Marekani na kutangazwa mwaka 1991, hutumia nuru, nayo hupenya chokaa hata unene ukapimika, ila damu huizuia, ikalazimu dawa ya rangi ipigwe kuiondosha damu kwa sekunde chache, jambo la kutahadhari kwa mwenye figo dhaifu.

Chokaa iliyopita nusu ya duara, yenye unene kupita nusu milimita na urefu kupita milimita 5, ni dalili kubwa kwamba stenti haitakunjuka chokaa hiyo isipovunjwa kwanza. Huvunjwa kwa kinoo kidogo chenye chembe za almasi, kizungukacho zaidi ya mara 140,000 kwa dakika, au kwa puto litoalo mawimbi ya mshindo, kama yale yavunjayo mawe ya figo. Kisha tabibu hutazama tena: akiona nyufa nyembamba zimeikata chokaa, huweka stenti, halafu hutazama mara ya tatu, nyuzi za chuma ziking'aa kama nukta, ajue kama zimeshikana na ukuta.

Utafiti wa Korea Kusini uliotangazwa mwaka 2023, wa wagonjwa 1,639 wenye mishipa iliyoziba kwa namna ngumu, ulionyesha kwamba katika miaka mitatu, kifo cha moyo, shtuko la moyo la mshipa ule uliotibiwa, au haja ya kuuzibua tena, viliwapata asilimia 7.7 ya waliotazamwa kwa ndani, na asilimia 12.3 ya waliotibiwa kwa eksirei pekee. Ala hizi ni ghali, nami sidharau gharama yake. Lakini kwa mshipa wenye chokaa nyingi, naiona stenti iliyowekwa bila kuutazama ukuta kuwa kazi ya kubahatisha. Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mzee wako aliyepangiwa kuzibuliwa mshipa, mwulize daktari wake kabla ya siku hiyo: je, mshipa huu utatazamwa kwa ndani?