Daftari la akiba likifunguliwa, bidhaa haziadimiki

MALI bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wengi wanaujua msemo huo na wanauzingatia. Tatizo ni kwamba kila mmoja hulifunga daftari lake. Muuza pembejeo wa kijiji kimoja hajui mwenzake wa kijiji cha pili amebakiwa na mifuko mingapi ya mbolea, na muuzaji wa jumla mjini hajui wote wawili wameuza kiasi gani. Matokeo yake, huku mbolea inaganda ghalani, kule mkulima anarudi mikono mitupu na mvua imeshaanza.

Faida ya kupeana habari za akiba ilionekana wazi Tanzania kuanzia mwaka 2009, si kwa mbolea bali kwa dawa za malaria.

Katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life ulihusisha vituo vya afya 129. Kila wiki mhudumu alipata ujumbe kwenye simu ya mkononi, akitakiwa kutaja kiasi cha dawa mseto na kwinini ya sindano kilichobaki. Kujibu kulikuwa bure, na aliyewahi alizawadiwa muda wa maongezi. Takwimu zilifika kwa mganga mkuu wa wilaya, akaona kituo kipi kimekaukiwa na kipi kina ziada ya kuhamisha.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Kufikia wiki ya 21, vilibaki asilimia 26. Mradi haukuleta dawa, ulileta habari.

Somo hilo linawahusu wafanyabiashara pia. Miaka ya 1990, kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iligundua jambo la ajabu kuhusu nepi za Pampers: watoto walizitumia kwa kiwango kile kile, lakini oda za wasambazaji zilipanda na kushuka mno. Sababu mojawapo ni hofu. Mwenye duka akiogopa kuishiwa huagiza zaidi ya mahitaji, wa jumla akiona hivyo naye huongeza, na kiwanda hudhani soko limepanuka. Msimu ukiisha, mzigo unabaki.

Kinga yake ni rahisi. Pamoja na oda, mwenye duka ampe muuzaji wa jumla idadi mbili kila wiki: kilichouzwa na kilichobaki. Wakulima nao, kupitia vikundi vyao, wataje mapema ekari watakazolima na mbegu wanayotaka.

Wapo wanaohofia kumfaidisha mshindani. Lakini hakuna haja ya kutaja bei wala majina ya wateja. Hesabu ya mifuko inatosha. Ni kweli pia kwamba bohari likiwa tupu, ujumbe hauzai mbolea. Hata hivyo, unamwezesha anayeagiza kujua mapema, kwa gharama ya ujumbe mmoja wa simu. Mahindi yaliyokosa mbolea kwa wakati hayasubiri mzigo ujao.