Kengele ya Soko la Hisa: Miviga Isiyo na Kungwi

Miviga inapotajwa katika madarasa yetu ya fasihi simulizi, mifano huwa ile ile: jando na unyago, arusi, matanga, kutawazwa kwa viongozi. Mifano hiyo ni sahihi, ila huwafanya wengi wadhani kwamba miviga ni mali ya kijiji na ya jana. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sherehe ya kupiga kengele katika Soko la Hisa la Nairobi ina takriban sifa zote za miviga isipokuwa moja, na kwamba pengo hilo lina uzito kwa mwananchi wa kawaida.

Awali kengele ilikuwa kifaa cha kazi tu. Katika soko la New York, kengele ya shaba imetumika tangu 1903, soko lilipohamia jengo lake la sasa. Kabla ya hapo palikuwa na upatu. Madalali walipigiana kelele ukumbini, hivyo ulihitajika mlio wa kuzishinda sauti zao. Nairobi ilianza kwa utulivu zaidi. Soko liliundwa 1954, na katika miaka ya mwanzo hisa ziliuzwa kwa maafikiano ya mdomo, watu wakinywa kahawa. Ukumbi wa kunadi kwa sauti ulikuja 1991. Tangu Septemba 2006 biashara hupitia kwenye kompyuta, nazo hazihitaji kusikia chochote. Hata hivyo, kengele haikutupwa. Kazi yake ya zamani ilipofifia, hadhi yake ya kisherehe ndiyo iliyonawiri.

Tuchukue tarehe 9 Juni 2008, hisa za Safaricom zilipoingia sokoni. Aliyepiga kengele ni Rais Mwai Kibaki. Hapo pana fanani, hadhira, mahali na wakati maalumu, na mlio unaofungua tukio kama “Paukwa!” inavyofungua hadithi. Kwa mtazamo wa vitendo-uneni alioueleza J. L. Austin, mlio huo hautoi habari bali unatenda: kampuni inatolewa nje kama mwali. Kisheria, bila shaka, kinachoiingiza kampuni sokoni ni idhini ya wasimamizi. Lakini hata arusi ina hati, na hakuna anayecheza chakacha kwa sababu ya hati. (Septemba 2014 Soko lenyewe liliorodhesha hisa zake, mkunga akajizalisha.)

Kinachokosekana ni mafunzo. Mwari wa unyago hatoki ndani kabla ya kungwi kumweleza machungu ya ndoa pamoja na raha zake. Kengele haina kungwi. Mwaka ule wa 2008 mamia ya maelfu ya Wakenya, wengi kwa mara ya kwanza, waliomba hisa kwa shilingi 5 kila moja, na baadhi yao walikopa ili wanunue. Siku ya kengele bei ilipita shilingi 7. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3. Waraka wa mauzo ulizitaja hatari, ila kwa lugha ya wanasheria. Waliovumilia waliiona bei ikipita shilingi 40 mnamo 2021, lakini mwenye mkopo wa kulipa hakuweza kungoja.

London ilikuwa na desturi iliyokaribia kuliziba pengo hili. Dalali aliposhindwa kulipa madeni yake, mhudumu wa soko alipanda jukwaani, akagonga nyundo mara tatu, kisha akatangaza jina lake mbele ya wote. Yalikuwa matanga ya kibiashara, na kila aliyekuwapo alikumbushwa kwamba soko pia huzika. Mageuzi ya Oktoba 1986 yaliuacha ukumbi ule mtupu muda mfupi baadaye.

Wenzetu wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kuanzia kwenye hotuba zinazotolewa kabla ya kengele ya Nairobi: zinasemwa kwa lugha gani, na je, neno “hasara” hutajwa mara ngapi?