Je, Wajua? Maajabu Saba ya Fangasi Wanaomsumbua Paka wa Mitaani

Chakula chake ni manyoya
Paka wengi wenye choa wameshikwa na fangasi mmoja tu, Microsporum canis. Huyu hula keratini, protini ngumu inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Ndiyo maana paka hubaki na viraka vya duara vyenye magamba na vishina vya nywele zilizokatika.

Miezi 18 akivizia
Vijimbegu vyake huweza kukaa hai kwenye unywele ulioanguka hadi miezi 18. Muda huo paka jike anaweza kubeba mimba na kuzaa zaidi ya mara nne! Kumtibu paka bila kusafisha anapolala ni kazi nusu.

Taa ya kumuumbua
Mwaka 1903 Mmarekani Robert Williams Wood alibuni kioo kinachozuia mwanga wa kawaida na kupitisha mionzi ya urujuanimno. Leo daktari wa mifugo huzima taa za chumba, humulika paka kwa taa ya mionzi hiyo, na nywele nyingi zenye ugonjwa hung'aa kijani tangu shinani. Hizo ndizo anazong'oa kwa kibanio na kuzipeleka maabara.

Fangasi alijulikana mapema
Mapema miaka ya 1840, mjini Paris, daktari David Gruby alionyesha kwamba fangasi ndio wanaoleta magonjwa fulani ya ngozi ya kichwa. Daktari Robert Koch alikuja kuthibitisha kwamba bakteria ndio wanaoleta kimeta mwaka 1876, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Dawa ya fangasi ni fangasi
Zamani watoto wenye mapunye, yaani choa cha kichwa, walinyonyolewa nywele kwa eksirei. Kisha ikaja griseofulvini, iliyopatikana mwaka 1939 kutoka kwa fangasi wa jamii ya Penicillium. Mwaka 1958 ilionekana ikiponya choa cha wanyama wa maabara kwa kumezwa tu. Siku hizi paka wengi hupewa dawa nyingine, itrakonazoli.

Kucha za Rio de Janeiro
Nchini Brazili, hasa Rio de Janeiro, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, fangasi mwingine, Sporothrix brasiliensis, ameambukiza maelfu ya paka na watu, hasa kwa mikwaruzo na kuumwa. Nje ya mwili huota kama nyuzi. Akiingia kwenye joto la mwili hugeuka seli za duara kama hamira. Paka wanaozurura na kupigana ndio wanaoumia zaidi, nyuso zao zikijaa vidonda.

Wachimba dhahabu walimjua nduguye
Miaka ya 1940, katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, wachimbaji wapatao 3,000 walipata ugonjwa wa jamii hiyohiyo, bila paka yeyote kuhusika: fangasi aliota kwenye magogo yaliyoshikilia paa la mgodi. Paka basi ni mgonjwa kama sisi, hata kama anaweza kutuambukiza.

Na habari njema: paka mwenye afya na lishe nzuri mara nyingi hupona choa. Kwa hiyo ukimwona paka mwenye kiraka, usimrushie mawe. Mwekee chakula, usimshike mikono mitupu, nawa kwa sabuni, na umwite daktari wa mifugo. Vidonda visivyopona usoni ni vya kuwahi mapema zaidi.